Siagi ya Upande wa Abiria

"Keki yangu ikitoa jasho, nakula kibao chake."

Mama mdogo wangu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa. Ilikuwa harusi ya watu. Mshereheshaji alikiweka mezani kidogo ili afungue soda, na mama mdogo, ambaye kazi yake pale ilikuwa kukata keki vipande na kwenda zake, akakiona kimekaa bure. Kibao chenyewe ni ule ubao mwembamba uliofunikwa karatasi ya fedha, unaokaliwa na keki. Watu walicheka, wakapiga makofi, na kabla sahani hazijakusanywa alikuwa ameshabatizwa upya. Siku hizi hata wateja wasiomjua kwa sura humpigia simu wakauliza, "Hapo ni kwa Mama Kibao?" Naye huitika bila kinyongo. Mdomo huponza kichwa, lakini mara moja moja hukiletea wateja.

Kwa asiyeoka, jasho la keki si mzaha. Krimu ya siagi ikipata joto hutoa vitone vidogo, kisha hung'aa kama pua ya mtu aliyepanda ngazi na magunia, kisha huanza kuteremka taratibu, ikiondoka na maua na majina ya maharusi. Ikishafika hapo, friji hairudishi heshima. Inagandisha aibu tu.

Jiko lake ni chumba kilichokuwa cha wageni, mpaka wageni walipoambiwa ukweli. Kuna oveni mbili zinazofanya kazi na ya tatu iliyokufa, ambayo anaitumia kama kabati la unga. Meza ni ya bati. Feni ipo, ila ni marufuku kuiwasha wakati wa kuchekecha sukari ya unga, kwa sababu iliwahi kuwashwa, na kwa wiki nzima kila mtu aliyeketi kwenye kochi aliondoka na makalio matamu. Kipimajoto hana. Ana kidole gumba. Hubonyeza siagi, akatulia kama daktari anayesikiliza mapigo, kisha husema "bado" au "tayari". Siagi, anasema, haijui kumfurahisha mtu. Ikiwa laini ni laini.

Mumewe, baba mdogo, ni mpima ardhi mstaafu. Alizunguka mabondeni na vigingi miaka yake yote ya kazi bila kunung'unika, halafu alipostaafu akalipwa malalamiko yake yote kwa mkupuo. Hulalamikia chumvi, mito ya kitanda, mbwa wa jirani, kimya cha mbwa wa jirani, na namna watu wa siku hizi wanavyofunga milango. Nyumbani malalamiko yake yamekuwa kama saa ya ukutani: inagonga, na hakuna anayegeuka.

Ndiyo nyumba. Limebaki gari.

Gari ni la kijivu, la milango mitano, lililokuwa jipya zamani za watu wengine. Mama Kibao alilichagua kwa ajili ya kitu kimoja, kiyoyozi chake. Kina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha dereva na kimoja cha abiria, ili kila mtu ajichagulie joto lake. Aliyemuuzia alisema limetengenezwa kwa ajili ya mume na mke wasioelewana. Mama Kibao alijibu kwamba wao wanaelewana vizuri sana, asiyeelewana na mtu ni siagi.

Kubeba keki ana utaratibu wake, na hausikilizi ushauri. Ghorofa ndogo za juu husafiri nyuma, ndani ya makasha ya plastiki yenye barafu. Ghorofa ya chini, ile pana, haiingii kwenye kasha lolote, kwa hiyo hukaa sakafuni mbele, upande wa abiria, kiti kikiwa kimesukumwa nyuma kabisa. Hapo ni tambarare, na hapo upepo wa miguuni hupiga moja kwa moja. Na ili upepo wote uende huko, Mama Kibao alifunga matundu ya hewa ya upande wake mwenyewe, akayaziba kwa utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi. Akawa anaendesha huku jasho linamtoka mpaka kwenye viwiko.

"Keki ndiyo abiria," alisema. "Mimi ni dereva tu. Dereva hajapoa hata siku moja."

Ule utepe hakuubandua hata siku zisizo na keki. Kubandua na kubandika, alisema, ni kazi ya mtu asiye na oveni.

Mambo yalienda hivyo hadi msimu wa joto ulipokolea. Mteja wake mkubwa ni ukumbi mmoja wa sherehe ulio nje kidogo ya mji, kwenye barabara ndefu isiyo na kivuli. Meneja wa ukumbi ni mwanamke mwenye funguo nyingi na maneno machache. Yeye ndiye anayewaambia maharusi keki waagize wapi, na maharusi kwa kawaida hawana nguvu ya kubisha kitu kingine baada ya kubishana kuhusu idadi ya wageni. Jumamosi moja Mama Kibao aliwasili hapo, akafungua mlango wa abiria, akakuta ghorofa ya chini imeegemea upande kama mlevi aliyekumbatia nguzo. Maua yalikuwa yameshuka hadi kwenye kibao. Aliitengeneza kwa kisu na maji ya moto, akaigeuzia ukutani ubavu wake mbaya, na bibi harusi hakuona. Meneja aliona. Hakusema kitu. Aliangalia kibao, akamwangalia mwenye jina lake, akaondoka na funguo zake zikilia.

Siku iliyofuata gari lilipelekwa kwa Mzee Gesi.

Mzee Gesi ni fundi wa viyoyozi vya magari, ana banda la mabati kando ya barabara na mitungi iliyopangwa kama askari wa gwaride. Ni mtu mwema, ana ugonjwa mmoja tu: kwake kila kitu ni gesi. Ukimwambia jino linauma atakuuliza gesi ulijaza lini. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akawasha, akabandua utepe kwenye tundu moja, akaweka mkono.

"Inapoa, mama, ila haijachangamka. Gesi."

Akajaza. Akaweka mkono tena palepale. "Haya, friji hiyo."

Mama Kibao aliinama dirishani, naye akaweka mkono palepale. Ilikuwa baridi kweli. Akalipa, akaziba tundu lake upya, akaenda. Keki iliyofuata, ndogo, ya siku ya kuzaliwa, ilifika ikiwa inang'aa. Akarudi.

"Fundi, haipoi."

"Mama, mbona inapoa?" Mzee Gesi alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha dereva, mkono ukiwa kwenye tundu lilelile. "Weka mkono."

"Nimeweka. Hapa inapoa. Nikifika huko haipoi."

"Basi inavuja njiani."

"Inavuja njiani halafu inarudi kwako yenyewe?"

Mzee Gesi alifikiri. "Nitaongezea kidogo," alisema.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hiyo ndiyo shida ya watu wawili wakweli: hakuna wa kumfumania mwenzake. Gari lilipoa kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo kila fundi huketi. Keki ilikaa kwingine.

Jumamosi ya pili ya ukumbini ghorofa ya chini haikuegemea tu, ilikaa chini. Safari hii meneja alisema. Alimvuta Mama Kibao kando, karibu na meza ya glasi.

"Mama, nakuheshimu."

"Sema tu, dada. Mtu akianza na heshima najua kinachofuata."

"Wenye ukumbi wanataka tuwe na mwokaji mmoja wa mwaka mzima. Nilikuwa nimewaambia ni wewe. Kuna mwingine amekuja na gari la friji."

"Keki zake umeonja?"

"Nimeonja. Za kawaida. Lakini zinafika zimesimama." Meneja alihamisha funguo mkono wa pili. "Jumamosi ijayo kuna harusi kubwa, na wenye ukumbi watakuwepo. Ikifika imesimama, mwaka ni wako. Ikifika imelala, usinilaumu."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Theluthi mbili ya keki za Mama Kibao zilikuwa za ukumbi ule. Bila ukumbi angebaki na siku za kuzaliwa za watoto wa mtaani, ambao wazazi wao huomba simba wa sukari kwa bei ya mkate.

Jumatatu alikwenda kwenye gereji kubwa ya sakafu ya vigae, kwa fundi anayeitwa Daktari kwa sababu huvaa koti refu na hupima magari kwa kompyuta. Daktari naye aliketi kwenye kiti cha dereva. Alichomeka waya chini ya usukani, kompyuta ikasoma, ikasema gari halina kosa. Daktari akaitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mbele ya wageni.

"Kompresa," alisema.

"Imekuambia yenyewe?"

"Mama, hapa kwangu inapoa, si ndiyo? Barabarani haipoi. Hiyo ni kompresa, pampu ya gesi, imechoka. Ikisimama inajikaza, ikikimbia inakata pumzi. Tunabadilisha kompresa, kondensa, na kikaushio chake. Ukibadilisha moja ukaacha nyingine umejidanganya."

Alimwandikia bei. Mama Kibao aliisoma bila kubadilisha uso. Kwa fedha ile angenunua oveni mbili mpya na kumzika ile ya tatu kwa heshima.

"Na ikishabadilishwa, isipopoa?"

"Itapoa."

"Nimeuliza isipopoa."

"Basi tutajua tatizo halikuwa kompresa."

"Kujua huko nalipa mimi?"

Daktari alisema gereji ina taratibu zake. Mama Kibao alisema hata yeye anazo, akakunja ile karatasi, akaondoka. Lakini moyoni, na hili alikiri baadaye, alikuwa tayari kukopa. Jumamosi ilikuwa inakuja kwa miguu yake yote.

Jioni hiyo alikuwa mezani anakanda unga wa mkate kwa nguvu isiyohitajika. Baba mdogo alikaa mlangoni na gazeti, akipitia malalamiko ya siku kwa mpangilio wake. Alimaliza la chai, akaingia la barabara, akafika la gari.

"Na hilo gari lako litaniua. Jana nimeshuka miguu inaungua kama nimesimama kwenye jivu."

"Mm," alisema Mama Kibao.

"Nyayo zote."

"Umri huo. Damu haishuki vizuri." Alikunja unga, akaupiga. Kisha mikono yake ikasimama ndani ya unga. "Jana ulikaa wapi?"

"Nikae wapi? Ninapokaa siku zote. Umewahi kuniona nimekaa juu ya paa?"

"Mbele. Kushoto kwangu."

"Mke wangu, tuna gari moja na viti vyake havihami."

"Na miguu inaungua."

"Inaungua."

"Tangu lini?"

"Tangu joto lianze. Nimesema kila tukitoka. Nimesema tukienda kanisani, nimesema tukienda msibani. Msibani watu walidhani namlilia marehemu."

Mama Kibao aliutoa mkono kwenye unga. "Mbona hukuniambia vizuri?"

Baba mdogo aliliweka gazeti chini, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa jipya. "Kuna kulalamika vizuri?" aliuliza.

Alfajiri kulipokucha, kabla jua halijaharibu ushahidi, Mama Kibao alitoka na kipande cha siagi kutoka kwenye friji. Alikikata vipande vinne vya ukubwa mmoja, akaviweka kwenye visahani vinne vya kahawa. Alibandua utepe wote kwenye dashibodi, gundi ikabaki na alama zake kama plasta iliyotoka kwenye goti. Alifungua matundu yote, akawasha injini, akazungusha vitufe vyote viwili hadi mwisho wa baridi, akafunga milango. Visahani viwili vilikaa upande wake, kimoja mbele ya tundu, kimoja miguuni. Viwili vilikaa upande wa mumewe vivyo hivyo. Baba mdogo aliambiwa akae kitini ashike kisahani cha juu.

"Mimi ndiye kishikio sasa."

"Wewe ni shahidi. Kaa kimya."

Jirani alipita na ndoo, akasimama. "Mnakula nini humo?"

"Tunapima," alisema baba mdogo kwa sauti ya kazini, ile ambayo hakuitumia tangu astaafu.

Hawakusubiri sana. Siagi ya upande wa dereva ilibaki na kona zake, kidole gumba kikagonga juu yake kama kwenye sabuni. Siagi ya upande wa abiria ilianza kulainika pembeni, ikainama katikati, ikawa kidimbwi cha manjano kilichomwagikia suruali ya shahidi. Shahidi alitoa maelezo marefu kuhusu suruali. Mama Kibao hakuyasikia. Alikuwa anaangalia visahani.

"Kompresa ni moja," alisema taratibu. "Gesi ni moja. Haiwezi kupoza kulia ikasahau kushoto. Oveni ikichoma upande mmoja hununui oveni. Unaangalia moto unapita wapi."

Alivibeba visahani vyote vinne hadi kwa Mzee Gesi. Vile viwili vya kioevu alivifunika kwa karatasi ili visimwagike.

Mzee Gesi aliviangalia kwa muda. Amewahi kuletewa magari, mabomba, hata jokofu la mtu aliyekata tamaa. Hakuwahi kuletewa kifungua kinywa.

"Ugonjwa ni huu," alisema Mama Kibao. "Hii ya dereva, hii ya abiria. Na kabla hujasema gesi, nataka ukae kiti kile." Akaonyesha kiti cha abiria.

Mzee Gesi alizunguka gari. Alipokaa na kuweka mkono kwenye tundu la upande ule, aliutoa haraka.

"Ehee," alisema. "Huku ni jehanamu ndogo."

"Miguu ya mume wangu imekuwa huko tangu joto lianze."

"Na mwenyewe hakusema?"

"Alisema," alisema Mama Kibao, akaishia hapo.

Sifa ya Mzee Gesi ni kwamba akionyeshwa kitu hashindani nacho. Alieleza kwamba gesi ikipungua sana yako magari yanayopoza upande mmoja tu, kwa hiyo hawezi kuiacha bila kuiuliza. Akafungua boneti, akaunga saa zake mbili za kupimia, akasubiri sindano zitulie. Gesi ilikuwa sawasawa. Kisha akamwita Mama Kibao, akamwonyesha mabomba mawili ya kiyoyozi, moja jembamba na moja nene.

"Shika lile nene."

Lilikuwa baridi, tena lina unyevu kama chupa iliyotoka frijini.

"Bomba likitoa jasho hivi, huku mbele kazi inafanyika. Kompresa nzima. Ubaya uko ndani, huko baridi inakogawanywa." Alifuta mikono. "Kila upande una kilango chake. Kikienda huku kinapitisha baridi, kikienda huku kinapitisha joto la injini. Mota ndogo ndiyo inakigeuza. Cha kwako cha kushoto kimelala kwenye joto."

"Tutajuaje bila kuvunja dashibodi?"

"Tutasikiliza."

Alizima injini, akaacha ufunguo kwenye umeme tu. Akamwomba muuza mitumba wa banda la pili apunguze redio, jambo lililochukua maneno kadhaa. Kisha akazungusha kitufe cha dereva. Ndani ya dashibodi kitu kilinguruma kidogo, kikanyamaza. Akazungusha cha abiria. Tak, tak, tak, tak. Kama mtu anayefungua kufuli kwa ufunguo wa mlango mwingine.

"Mota inazunguka," alisema Mzee Gesi, "meno yameisha. Ndiyo maana hata kompyuta haioni. Yenyewe inaona mota inafanya kazi, basi inaamini."

Kuitoa haikuwa hadithi ndefu. Mzee Gesi alijilaza kichwa chini, miguu juu ya kiti, akafungua skrubu tatu chini ya dashibodi, akatoka na kijisanduku cheusi. Ndani yake mlikuwa na gurudumu la plastiki lenye meno, na upande mmoja ulikuwa umelainika kama ufizi wa mtoto. Mpya ingeagizwa nje na isingefika kabla ya Jumamosi. Iliyotumika ingebidi itafutwe kwenye magari yaliyokufa, na maiti za aina hiyo mjini zilikuwa chache.

"Bila mota kilango kinageuka?" Mama Kibao aliuliza.

"Kwa mkono, ndiyo. Kinageuka, lakini kinarudi."

"Kikifungwa?"

Mzee Gesi alimwangalia. "Nikikifunga kwenye baridi, mama, kitabaki kwenye baridi. Mvua, baridi, alfajiri. Upande ule hautajua tena joto."

"Upande ule ni wa keki."

"Na mzee?"

"Funga."

Alikifunga kwa waya, akaukaza kwa koleo, akaufunika kwa utepe mweusi. Walirudia mtihani na siagi mpya iliyonunuliwa duka la jirani. Ilikaa miguuni pa abiria mpaka Mzee Gesi akamaliza chai yake, na kona zake zikabaki pale pale. Kisha likaja suala la malipo, na hapo Mama Kibao aliuliza kwa upole ile gesi ya mara ya pili ilikwenda wapi, kwa kuwa kikombe kilichojaa hakiongezewi chai. Mzee Gesi alikohoa. Alisema kazi ya waya ni ndogo, hata hesabu yake haijulikani. Mama Kibao alisema binti wa fundi akimaliza shule aje achague keki. Wakapeana mikono kama nchi mbili zilizochoka vita.

Jumamosi jua lilitoka likiwa na nia mbaya. Ghorofa ya chini iliwekwa sakafuni, pana, nyeupe, imezungushiwa waridi za krimu. Baba mdogo alipanda nyuma katikati ya makasha ya barafu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema kuhusu joto. Alilalamikia makasha. Mama Kibao hakuziba tundu lolote. Alipofika kwenye ile barabara isiyo na kivuli alizima redio, akaendesha huku jicho moja liko mbele na moja linateleza kushoto, kila baada ya kona. Lori lililokuwa mbele lilitembea kama linasindikiza jeneza. Kawaida angelipigia honi na kulitajia wazazi wake. Safari hii alikaa nyuma yake kimya, kwa sababu kusimama ghafla ni adui wa pili wa keki, na adui mmoja alimtosha.

Ukumbini meneja alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa jikoni. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi, wale wenye ukumbi, wakijifanya wanaongelea viti. Mama Kibao alifungua mlango wa abiria. Upepo wa baridi ulitoka ukawapiga miguuni, mmoja wao akarudi hatua.

Keki ilikuwa imesimama. Waridi zilikuwa na kingo. Meneja aliinama, akabonyeza krimu kwa kidole chini kabisa, mahali ambapo utepe wa mapambo ungefunika. Kidole kilitoka kikavu.

"Iingizwe," alisema.

Mama Kibao alizipanga ghorofa tatu mezani, akaweka maua, akasogea nyuma, akasogea mbele, akageuza kibao kidogo sana, kiasi ambacho hakuna mwingine angeona. Sherehe ilipoanza alikuwa bado yuko jikoni, akinywa maji. Keki ilikaa mezani mchana kutwa, ikakatwa, ikaliwa. Kilichobaki ni kibao chenyewe, na hakuna aliyehitaji kukila.

Wakati wa kukusanya sahani meneja alikuja kumtafuta, na safari hii funguo zilikuwa mfukoni.

"Wenye ukumbi wamekubali. Mwaka mzima."

"Wamefanya vizuri."

"Nasikia umebadilisha kompresa. Na vikorokoro vyake vyote." Gari la meneja nalo hutibiwa kwa Daktari, na Daktari alikuwa amesimulia bei aliyoandika kwa kila mwenye masikio. Mtu akisikia bei, halafu akaona baridi, hujumlisha mwenyewe. "Hiyo ni hela nyingi, mama. Najua itabidi irudi kutoka mahali fulani."

Baba mdogo, aliyekuwa ameshika kasha tupu, alifungua mdomo. Mkewe alimwangalia. Akaufunga.

"Barabara ya kuja kwenu ni ndefu," alisema Mama Kibao.

"Ndiyo maana nakuuliza mapema, nisije nikawaambia maharusi bei ya zamani, elfu kumi na nane. Niwaambie ngapi?"

Mama Kibao alikunja aproni yake, kona kwa kona, akaiweka ndani ya kasha. Hakusema amebadilisha, hakusema hajabadilisha.

"Keki ya ghorofa tatu, imefikishwa na kusimamishwa mezani, ni shilingi elfu ishirini na mbili," alisema.